Deni Lililokwisha Kulipwa

Msomaji, ukimkopesha mtu shilingi mia, naye akakurudishia shilingi mia, je, utaendelea kumdai? Ukifanya hivyo utaitwa dhalimu, na watu watakuwa na haki ya kukuita hivyo. Deni lililolipwa limekufa. Mwenye kulidai mara ya pili hudai kitu kisicho chake. Jambo hili ni wazi hata kwa mtoto mdogo. Walakini liko deni moja katika nchi yetu ambalo hulipwa kwa ukamilifu, tena kwa siku na miezi ya uhai wa mtu, na bado huendelea kudaiwa mpaka mdaiwa aingie kaburini. Ni deni la mtu aliyepata kuhukumiwa mahakamani. Nasema kwamba dai hilo ni dhuluma. Nasema tena kwamba huruma peke yake haiwezi kuiondoa. Dawa yake ni sheria, pamoja na mtu wa kumsaidia maskini kuitumia sheria hiyo.

Nitakueleza habari za kijana mmoja niliyemfundisha kabla sijahamia chuo cha ualimu. Jina lake halina faida kwako, kwa hiyo nalificha. Alipomaliza kidato cha nne alikosa karo ya kuendelea na masomo, akaenda kufanya kibarua katika mjengo. Alibeba mawe na kukoroga saruji kwa muda wa wiki tatu. Kila Jumamosi nyapara alimwambia angoje Jumamosi ijayo. Jumamosi ya tatu akaambiwa kwamba fedha hakuna na kazi imekwisha. Kijana akachukua mifuko miwili ya saruji mchana kweupe, mbele ya wenzake, akasema, "Huu ndio mshahara wangu." Jioni ile akakamatwa. Jumatatu akasimamishwa mbele ya hakimu, akasomewa shtaka la wizi, akaulizwa kama ni kweli. Akajibu, "Ni kweli, nilichukua." Alikuwa amelelewa kusema kweli. Akafungwa miezi 6.

Hebu sasa tuipime kesi hii kwa sheria yenyewe, maana watu wengi husifu sheria au huilaumu bila ya kuisoma. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kina maana hii: mtu hahesabiwi kuwa na hatia katika jambo la mali ikiwa alilitenda kwa kuamini kwa moyo safi kwamba ana haki juu ya mali ile, wala hakukusudia kudanganya. Yamkini hakimu angaliukubali utetezi huo, yamkini angaliukataa. Lakini utetezi huo haukupata kutamkwa. Kadhalika iko sheria ya kuwaweka wakosaji chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, Sura ya 64 katika sheria za Kenya. Sheria hiyo yampa hakimu uwezo wa kutazama umri na tabia ya mshtakiwa, akamweka chini ya uangalizi pasipo hata kumtia hatiani. Hilo nalo halikuombwa. Tena sheria hutoa siku 14 za kukata rufaa, na mtu aliyekiri kosa mwenyewe hawezi kukata rufaa juu ya hatia yake, isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Siku hizo 14 zilipita kijana akiwa gerezani, hajui kwamba zinahesabiwa.

Nani angalimwambia mambo hayo? Wakili. Na wakili hakuwako, kwa sababu aliyenyimwa mshahara wa wiki tatu hana fedha za kumlipa wakili. Basi alama iliyowekwa juu ya jina lake ilitokana na mifuko miwili ya saruji, na ilitokana pia na kutojua. Tajiri aliyetenda jambo lile lile angalitoka mahakamani na jina lake zima.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikulisahau jambo hili. Ibara ya 50 yampa mshtakiwa haki ya kuwekewa wakili na Serikali, kwa gharama ya Serikali, ikiwa pasipo hivyo dhuluma kubwa itatokea. Tena yampa haki ya kuambiwa habari hiyo mapema. Mwaka 2016 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, na kwa sheria hiyo ikaundwa Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria ili kuwasaidia wasio na uwezo. Sheria hiyo haikuishia katika kesi za jinai tu: imetaja madai, mambo ya watoto na mambo ya Katiba, tena imewatambua wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili. Haya ni maandishi mazuri. Lakini maandishi hayatembei yenyewe kutoka Nairobi mpaka katika kizimba cha mahakama ya mbali. Hapana budi yachukuliwe na watu, na watu hao hapana budi walipwe. Haki ambayo mwenyewe haijui ni kama akiba iliyofichwa na marehemu: ni mali yako, nawe unalala na njaa juu yake.

Turudi kwa kijana wetu. Gerezani alifanya kazi kwa bidii na kushika amri. Kwa ajili ya mwenendo wake mwema alisamehewa theluthi ya kifungo, kama Sheria ya Magereza inavyoruhusu, akatoka baada ya miezi 4. Angalia vema jambo hili, msomaji. Serikali yenyewe, kwa ulimi wa askari wake wa gereza, ilimshuhudia kwamba tabia yake ni njema. Akajifunza ufundi wa umeme. Akaoa. Hakurudi tena mahakamani. Ilipokuwa mwaka wa saba akapata kazi katika kampuni moja, kazi ya mshahara wa kila mwezi, ila akatakiwa alete cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Akatoa alama za vidole vyake vyote, akalipa ada, akangoja. Jibu lilipokuja lilikuwa na habari ya mifuko miwili ya saruji. Kazi akapewa mwingine.

Alinijia jioni, bahasha mkononi, akakaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, nilifungwa miezi mingapi?" Nikamjibu, "Sita." Akasema, "Mbona huu ni mwaka wa saba?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nami nakuuliza wewe: ni hakimu gani aliyetoa hukumu hii ya pili? Ilisomwa katika mahakama gani? Mshtakiwa alipewa siku ngapi za kukata rufaa? Hakuna hakimu, hakuna mahakama, wala hakuna siku. Ni hukumu iliyotolewa na karatasi, ikatekelezwa na karani.

Tena hukumu hii haina hata kipimo. Ibara ya 99 ya Katiba humzuia kugombea ubunge mtu ambaye, siku ya kuandikishwa kuwa mgombea, yumo katika kifungo cha miezi 6 au zaidi. Aliyekwisha kumaliza kifungo chake hakuguswa na sharti hilo. Maana yake ni kwamba sharti hilo halimzuii kijana huyu kusimama mbele ya wananchi akaomba kura ili awatungie sheria. Lakini kufunga nyaya za taa katika ghala la mtu hawezi, kwa sababu hana cheti kisicho na doa! Na tukiuliza ni hekima gani iliyolipanga jambo hili hivi, hatuipati.

Kanuni ya Adhabu ya nchi hii ilianza kutumika mwaka 1930, katika enzi ya ukoloni, nayo ilitoka katika sheria za Waingereza. Mwaka 1963 tukapata uhuru, tukabaki nayo. Mwaka 1974 Waingereza wenyewe wakatunga sheria ya kuwarejeshea heshima waliohukumiwa: mtu akikaa muda uliowekwa bila ya kurudia kosa, hukumu yake huhesabiwa kuwa imekwisha, na katika kazi nyingi hana lazima ya kuitaja. Hukumu nzito kabisa hazimo, na kazi za amana kubwa, kama kazi ya kuwatunza watoto, zimetengwa. Afrika ya Kusini nayo inayo sheria ambayo kwayo mtu aliyepewa adhabu nyepesi kwa makosa ya namna fulani aweza, baada ya miaka 10, kuomba kumbukumbu yake ifutwe. Sisi tuliirithi fimbo ya Mwingereza, lakini alipoitafutia fimbo yake kikomo sisi tulikuwa tumekwisha kugeuza uso. Mtu mzima wa Kenya hajatungiwa sheria kama hiyo.

Nasema mtu mzima, kwa kuwa juu ya watoto tumepiga hatua. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza mtoto aliyefikishwa mbele ya mahakama ya watoto asitajwe kwa maneno ya kutiwa hatiani na kuhukumiwa. Sheria mpya ya mwaka 2022 iliuondoa umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8, ikaupandisha hadi miaka 12. Basi watunga sheria wetu wanajua kwamba jina baya laweza kuwa jeraha. Lakini kijana wa miaka 19, ambaye jana tu alikuwa amevaa sare ya shule, jeraha lile lile humpata nao hutazama pembeni.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Wako wasemao, "Asiyetaka jina baya asitende baya." Maneno haya ni mazuri kwa kumwonya mtu kabla ya kosa, baada ya adhabu hayana kazi tena. Ikiwa gereza halimrudii mtu, tulifunge tuokoe fedha. Ikiwa lamrudi, tukubali kwamba aliyetoka si yule aliyeingia. Hatuwezi kuliita gereza shule ya tabia, kisha tukawafukuza wote waliohitimu.

Wako pia wasemao, "Mwenye mali ana haki ya kujua anamwajiri nani." Ni kweli, anayo. Mimi ni mwalimu, wala sitaki aliyewadhuru watoto apewe darasa. Katika kazi kama hiyo kumbukumbu na ikae wazi daima. Lakini haki ya kujua ina mipaka kama haki nyingine. Mwajiri wa fundi wa umeme ana haja gani na saruji ya miaka saba iliyopita? Mtu aliyefungiwa kila mlango wa halali hubakiwa na mlango mmoja, nasi sote twaujua. Mwenye mali anayedhani kwamba anajilinda kwa kumnyima kazi aliyetubu, huongeza wezi wa kesho.

Na wako wasemao, "Aliyeibiwa je?" Swali hili ni la haki kuliko yote, nami silipuuzi. Aliyeibiwa anastahili kurudishiwa mali yake na kuona mkosaji ameadhibiwa. Lakini mkosaji akikaa bila kazi mpaka uzee, aliyeibiwa hupata nini? Hapati hata mfuko mmoja wa saruji.

Basi nini kifanyike? La kwanza, Bunge litunge sheria ya kuweka muda, ili makosa madogo yakae katika kumbukumbu kwa miaka maalumu, kisha yasionyeshwe tena katika cheti. La pili, msaada wa kisheria ufike katika milango mitatu. Ufike kizimbani, kabla mshtakiwa hajajibu shtaka, ili ajue maana ya neno "kweli" mbele ya hakimu. Ufike gerezani, kabla siku 14 hazijapita. Kisha umngoje nje ya lango la gereza, kumsaidia aliyetoka kuandika barua zake, kusahihisha kumbukumbu zilizokosewa, na kuomba anachostahili. Ibara ya 133 ya Katiba yampa Rais uwezo wa kusamehe. Lakini mtu wa kijijini ataliandikaje ombi hilo, na kulipeleka wapi, pasipo mtu wa kumwongoza? La tatu, waajiri waache kuomba cheti kwa desturi tu, mahali ambapo kazi yenyewe haikihitaji.

Ewe kijana unayesoma, huenda unajiambia kwamba mambo haya ni ya watu wengine. Wenzako wa darasa moja hawatapita njia moja. Mmoja wenu atakuwa hakimu, mwingine mbunge, mwingine mwenye kampuni. Na mmoja, kwa njaa au hasira au marafiki wabaya, atasimama kizimbani. Hajui leo kwamba ni yeye, wala wewe hujui kwamba si wewe. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Ikiwa nyumba ya watu wawili haistahili kuvunjwa kwa kosa moja, sembuse maisha yote ya mtu.

Siku moja bahasha kama ile itawekwa juu ya meza yako, na mwenye bahasha atakuwa amesimama mbele yako. Kabla hujaikunja karatasi na kusema "Nafasi imejaa," mwulize kwanza alifungwa miezi mingapi, na imepita miaka mingapi. Kisha hesabu mwenyewe, kama ulivyofundishwa hesabu shuleni, uone kama bado kuna kinachodaiwa.