Taa ya SORTIE isiyowaka

Umeme wa SNEL ukikatika jioni mjini Likasi, wenye maduka wanawasha jenereta upesi ili friji zisizime. Lakini ile taa ndogo juu ya mlango, yenye neno SORTIE, nani anaiangalia? Pengine batri yake ilikufa zamani.

Ulaya taa hizi hujaribiwa kila mwezi, na mara moja kwa mwaka huachwa ziwake mpaka muda wake wote uishe, angalau saa moja. Likasi ingefaa kujaribu zaidi ya hapo: palipo na umeme wa kukatika-katika, batri haipati saa 24 za kujaa tena.

Watasema wateja wanajua mlango. Wakaaji wa zamani, sawa. Mama aliyekimbia kijiji, akafika juzi na watoto, atajuaje mlango wa nyuma, au kwamba sentineli ameufunga kwa kufuli? Nairobi, tarehe 28 Januari 2009, duka kubwa la Nakumatt liliungua katikati ya mji, na karibu watu 30 wakafa.

Maofisa wa mji wakipita kudai kodi, wamwombe mwenye duka azime umeme mbele yao, nao wangoje hiyo saa moja.