Mtumishi Aliyeshika Funguo

Msomaji, ukiingia leo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru au Kitale, yamkini utamkuta karani mezani akitazama kioo cha kompyuta, na mwenzake wa ghalani akitazama kingine, na mwenye duka akitazama cha tatu chumbani mwake. Wote watatu husoma hesabu moja. Misumari ikiuzwa mbele, hesabu ya ghala hupungua nyuma papo hapo. Jambo hili huwezekana kwa sababu mahali fulani, pengine chini ya meza, pengine katika kabati lenye vumbi, iko kompyuta ya nne isiyokaliwa na mtu. Hiyo ndiyo iitwayo seva. Neno lenyewe limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni mtumishi. Nataka leo kubishana na wale wanaouza na wale wanaonunua programu za mtumishi huyu, maana naona wamelisahau jina lake.

Kwanza tupatane juu ya kazi zake, ili ugomvi wangu usiwe ugomvi wa mtu asiyekijua akigombeacho. Programu ya seva humfanya mtumishi huyu kuwa bawabu: analijua jina la kila mfanyakazi na nywila yake, na anajua ni nani aruhusiwe kuiona mishahara na ni nani aishie kwenye bei za saruji. Humfanya kuwa mtunza maktaba, awekaye faili za wote mahali pamoja, ili pasiwe na orodha tatu za wadeni zenye majumla matatu yasiyopatana. Humfanya tarishi pia, apelekaye karatasi za watu wanane kwenye printa moja, na mara nyingine apokeaye barua pepe. Mwisho humfanya mweka akiba, na hapa sina budi kusimama kidogo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuiona akiba ya kompyuta. Hiyo huoza, tena kimya kimya. Baadhi ya seva huandika kila jambo katika diski mbili kwa wakati mmoja, na wako wauzaji wanaoiita hali hiyo akiba. Si akiba hata kidogo. Diski moja ikifa, nyingine huendelea na kazi, na hilo ni jema. Lakini karani akifuta hesabu za mwaka mzima kwa kosa, diski zote mbili huitii amri yake kwa utii ule ule. Moto ukiingia dukani, huteketea pamoja. Mwizi akibeba sanduku, huondoka nazo zote mbili. Nakala ya akiba ni ile iliyo mahali pengine, iliyoandikwa siku nyingine, na ambayo mtu amekwisha kuijaribu akaona yasomeka. Asiyejaribu hana nakala; ana matumaini tu.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu. Mwuza programu anapokuja dukani huleta orodha ya sifa, naye mnunuzi humwuliza, “Yaweza kufanya mangapi?” Yeyote aliye na orodha ndefu zaidi huondoka na fedha. Mimi nasema swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: siku nitakayotaka kuachana na programu hii, je, nitatoka na mali yangu?

Mkumbuke mwenye duka wa zamani aliyeandika madeni katika daftari. Aliyemwuzia daftari hakuwa na neno tena juu yake. Hakuweza kumwambia, “Daftari hili lisomwe na watu watano tu, wa sita alipe.” Hakuweza kuja baada ya miaka minane na kusema, “Madaftari ya aina hii yamekwisha. Nunua jingine, na maandishi yako utajua mwenyewe namna ya kuyahamisha.” Kama mwuza vitabu angalithubutu kusema hayo, mtaa mzima ungalimcheka. Mwuza programu huyasema, na mtaa hulipa.

Wala sibuni. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa programu iliyoitwa Small Business Server, yaani seva ya biashara ndogo. Lazima niseme kweli: wazo lilikuwa zuri. Kazi zote nilizozitaja, pamoja na barua pepe na njia ya kuifikia ofisi ukiwa mbali, zilifungwa katika furushi moja kwa bei ambayo mwenye biashara ndogo aliweza kuifikiria bila kutokwa na jasho. Toleo la kwanza lilihudumia watu 25, na lile la mwaka 2003 lilifika watu 75. Biashara nyingi katika nchi nyingi ziliinuka kwa msaada wake.

Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kuku huyu alikuwa nazo kadhaa. Kila mtu au kila kompyuta iliyoitumia seva hiyo ilihitaji leseni yake. Seva yenyewe haikukubali kuwako na mwenziwe wa jina hilo hilo katika mtandao mmoja, isipokuwa kwa muda mfupi wa kuhama, wala kufanya mapatano ya kuaminiana na mtandao wa ofisi nyingine. Ilishurutishwa kuwa mkuu wa mtandao wake. Ikiona kwamba ukuu umepewa kompyuta nyingine, ilitoa onyo, ikangoja siku kadhaa, kisha ikaanza kujizima. Hebu fikiri, msomaji: mtumishi anayezima taa za nyumba kwa sababu bwana wake ameajiri msimamizi mwingine!

Julai 2012 kampuni ilitangaza kwamba furushi hilo halitaendelea. Programu iliyoshika nafasi yake ilihudumia watu 25, na haikuwa na barua pepe ndani yake; aliyetaka barua alielekezwa kwenye huduma ya kukodi kwa mwezi. Matengenezo ya usalama kwa toleo la mwisho la kawaida, lile la mwaka 2011, yalikoma Januari 2020. Kampuni ina haki ya kuacha kuuza kitu. Silalamikii hilo. Nalalamikia kwamba ofisi yenye watu 60 ilijikuta haina mlango wa kutokea isipokuwa ule ulioonyeshwa na mwenye nyumba.

Kwa nini mlango ulikuwa mmoja? Kwa sababu ya lugha. Kompyuta hazielewani kwa huruma. Huelewana kwa lugha iliyopangwa, iitwayo itifaki. Kompyuta za ofisini ziombapo faili au printa kutoka kwa seva ya Windows hutumia itifaki moja iitwayo SMB. Ajuaye lugha hiyo kwa ukamilifu aweza kutengeneza seva itakayopokewa katika ofisi yoyote. Asiyeijua hubaki nje, hata kama seva yake ni bora mara kumi. Basi mwenye lugha, akiificha, huwa amewafungia wenziwe soko, na huwa amewafungia wateja wake ndani.

Mwishoni mwa mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu katika mji wa Canberra, Australia, jina lake Andrew Tridgell, alitaka kompyuta zake zisomane. Hakuwa na kitabu cha lugha hiyo. Akafanya kama mgeni aliyetua Mombasa bila neno la Kiswahili, akaketi karibu na mwuza kahawa: akasikiliza. Alitazama ujumbe uliopita katika waya, swali na jibu, swali na jibu, mpaka akaanza kujibu mwenyewe. Kazi yake ikakua, watu wa nchi nyingine wakaungana naye, na programu ikaitwa Samba. (Alitafuta katika kamusi neno lenye herufi S, M na B kwa taratibu hiyo, ngoma ya Brazili haikuhusika.) Yeyote aweza kuichukua Samba bila malipo, kuisoma ilivyoandikwa ndani, kuirekebisha na kumpa jirani.

Kusikiliza, hata hivyo, kuna mwisho wake. Matoleo mapya ya Windows yalileta maneno mapya, hasa katika ile kazi ya bawabu, ya kuwatambua watu na vyeo vyao. Kampuni ya Sun Microsystems, nayo ya Marekani, ilipeleka mashtaka mbele ya Tume ya Ulaya mwaka 1998, ikisema kwamba Microsoft inaficha habari ambazo seva za wengine zinazihitaji. Machi 2004 Tume ilitoa hukumu. Iliiona Microsoft na makosa mawili, moja likiwa hili, ikaitoza faini ya zaidi ya euro milioni 497, na kuiamuru itoe habari hizo. Angalia ni seva gani zilizogombaniwa: si zile kubwa za mabenki, bali zile za ofisi za kawaida, za kutunza faili, kuchapa karatasi na kuwasimamia watumiaji. Kampuni ilikata rufani. Septemba 2007 mahakama ya Ulaya huko Luxembourg ilikataa rufani hiyo katika jambo hili. Desemba mwaka ule ule watu wa Samba wakapata vitabu vya lugha hiyo kwa malipo ya euro 10,000, mara moja tu. Desemba 2012 wakatoa toleo la nne, lenye uwezo wa kukaa katika kiti cha mkuu wa mtandao wa ofisi. Mlango wa pili ukapatikana katika mwaka ule ule ambao furushi la zamani lilitangaziwa kifo.

Utaniambia, “Hayo ni ya Ulaya. Mwuza misumari wa Nakuru ana haja gani na mahakama ya Luxembourg?” Anayo. Visanduku vingi vya kutunzia faili vya bei nafuu, ambavyo mwenye duka huchomeka ukutani na kuvisahau, ndani yake mna Samba. Anakula matunda ya mti asioujua.

Utaniambia tena, “Cha bure hakina mwenyewe, kikiharibika nitamwita nani?” Swali hili ni zito, na washabiki wa programu huru hulipita mbio mno. Samba haina bei, lakini ina gharama: inamtaka mtu aliyejifunza, naye mtu huyo ana tumbo. Wala haina kinga ya mbinguni. Mei 2017 programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilipita katika kompyuta za nchi nyingi kwa njia ya tundu lililokuwa katika SMB ya Windows. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwaahirisha wagonjwa. Dawa ya tundu hilo ilikuwa imetolewa tangu Machi, ila wengi hawakuitia. Na mwezi ule ule wa Mei, Samba nayo ilitangaza tundu lake yenyewe, lililokaa miaka saba bila kuonekana. Basi siwaambii wenye maduka wote watupe programu za kununua. Mwenye duka akiona furushi la kununua lamfaa, na alinunue. Naomba tu alinunue akiujua mlango wa kutokea.

Niliwahi kuitwa na mwenye biashara mmoja wa makamo, ambaye simtaji, wala simtaji fundi wake. Fundi alikuwa ameweka seva, akaweka nywila kuu anayoijua yeye peke yake, kisha wakagombana juu ya malipo, naye akaenda zake. Hesabu za miaka sita zilikuwa mezani, ndani ya sanduku la chuma, na mwenyewe alikuwa akilizunguka kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake usiku. Mezani palikuwa na barua ya mkopeshaji iliyotaka hesabu hizo kwa siku kumi. Alinionyesha hata karatasi ya mauzo: sifa kumi na saba, zote za kweli. Nywila haikuwa mojawapo.

Siku hizi sanduku lenyewe laondoka. Biashara nyingi hukodi seva iliyo mbali, kwa mwezi, na kuifikia kwa intaneti. Kuna raha yake: hakuna vumbi, hakuna fundi wa kugombana naye, na umeme ukikatika Nakuru faili hazifi. Lakini swali langu lazidi uzito badala ya kupungua, kwa sababu sasa hata chuma si chako. Kodi isipolipwa, ni nani afungaye? Na wateja walioandikwa humo, majina yao na nambari zao za simu, ni nani atakayeulizwa wakivuja? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, haimwachilii mwenye duka kwa sababu tu amekodi.

Wewe msomaji utatoka shuleni, na huenda utaajiriwa katika duka la namna hii kwa sababu wenye duka huamini kwamba kila kijana anajua kompyuta. Siku ya kwanza utaulizwa ni programu gani inunuliwe. Omba nywila kuu iandikwe, itiwe katika bahasha, na bahasha itiwe katika sanduku la fedha la mwenye mali. Kisha Jumamosi jioni, duka likiisha kufungwa, chukua nakala ya akiba, toa ndani yake faili moja ya madeni, uifungue katika kompyuta nyingine isiyo na programu ya mwuzaji huyo, uone kama jina la mdeni wa kwanza lasomeka.