Kijana anataka kuacha miwani, je, leza ni jibu?

Mama mmoja wa Singida mjini aliniuliza: mwanaye ana miaka 17, yuko kidato cha tano, amechoka kuitwa ‘macho manne’ na anataka upasuaji wa leza. Mama yuko tayari kuuza alizeti yote ya msimu huu. Je, auze?

Jibu langu ni asubiri kwanza.

Leza hubadilisha umbo la konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, ili mwanga utue panapotakiwa nyuma ya jicho. Macho ya kijana wa umri huo mara nyingi bado yanabadilika. Ukiyarekebisha leo, namba inaweza kusogea tena kesho, na konea iliyopunguzwa hairudi. Ndiyo maana madaktari husubiri miaka 18 au zaidi, tena namba ya miwani iwe imetulia walau mwaka mmoja.

Wakati ukifika, atapimwa kwanza unene na umbo la konea. Ikiwa nyembamba sana au imechongoka, leza haimfai. Kijana mwenye tabia ya kufikicha macho achunguzwe kwa makini zaidi.

Upasuaji wenyewe hautishi. Huwekewa matone ya ganzi, halazwi, na kwa kawaida leza hufanya kazi chini ya dakika moja kwa kila jicho. Shughuli iko baada ya hapo. Saa za mwanzo macho huwasha na kutoa machozi. Kesho yake hurudi kuangaliwa, hivyo wekeni bajeti ya malazi karibu na hospitali pia. Matone ya dawa huendelea kwa wiki kadhaa, na ukavu wa macho unaweza kudumu miezi. Kufikicha macho ni marufuku. Kwa upepo na vumbi letu la Singida, asipepete alizeti wiki hizo, na akitoka avae miwani ya kukinga.

Akipata maumivu makali, uoni ukapungua au wekundu ukaongezeka, arudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Asinunue matone dukani.

Kwa sasa mama, mpeleke kijana apimwe upya. Huenda miwani aliyonayo hailingani tena na macho yake. Alizeti nyingine itunze, na kuhusu utani wa darasani, zungumza na mwalimu wake.