Daraja Likivunjika, Barua Ipite Wapi?

Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Watu walikufa kwa makumi, maelfu ya nyumba ziliharibika, na madaraja yalivunjwa na maji. Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Barabara ikikatika, pa kuzungukia ni pachache.

Huenda mwanafunzi akauliza: "Mwalimu, na habari za intaneti je? Kituo kikifa njiani, hupita wapi?" Swali jema, na tulitazame.

Ujumbe upelekwao kwa intaneti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hupita kituo hata kituo, kama barua ipokezanwayo na matarishi. Vituo hivyo huitwa ruta. Kwa desturi ya zamani, ruta hutazama anwani ya mwisho tu, ikajichagulia njia. Kwa desturi mpya, ambayo kanuni zake kuu zilitangazwa mwaka 2018, mwenye kupeleka huandika juu ya pakiti orodha ya maagizo ya njia. Kila agizo huitwa segimenti.

Tuchukue mfano. Mama aliye Baraka apeleka barua Bukavu. Juu ya bahasha ameandika: "Kwanza Uvira, kisha Bukavu." Tarishi afika Mboko, aambiwa Uvira hapaingiliki. Afanyeje? Kutafuta njia nyingine ya kwenda Uvira hakumfai kitu, kwa kuwa Uvira penyewe ndipo palipofungwa. Tarishi mpumbavu atakaa Mboko mpaka barua ioze. Mwenye akili ataliruka agizo la kwanza, atasoma la pili, kisha atapanda mashua kwenda Burundi, ashike barabara ya Bujumbura na Cyangugu, hata Bukavu. Ndivyo ifanyavyo ruta iliyo jirani na kituo kilichokufa.

Wala haianzi kufikiri siku ya msiba. Njia ya pembeni huwa imekwisha hesabiwa tangu siku za amani, na shabaha ya mafundi ni kwamba pakiti zigeuzwe katika muda wa milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kufumba na kufumbua huchukua muda zaidi!

Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni haraka ya kusahau. Vituo vya mbali vikisikia kwamba Uvira imekufa, vikalifuta jina lake upesi katika madaftari yao, barua zenye jina hilo zitatupwa kabla ya kumfikia yule tarishi wa Mboko. Kwa hiyo hapana budi jina lihifadhiwe kitambo, mpaka mpelekaji aandike orodha mpya. Mtego wa pili: labda mama alitaka barua ikaguliwe Uvira kwanza. Hapo kuiruka Uvira si msaada, ni kuvunja agizo. Afadhali barua isimame kuliko kufika bila kukaguliwa. Na ni juu ya mpelekaji kusema mapema ni kituo gani kisichorukwa.

Hata hivyo, akili yote hiyo haifai mahali penye njia moja tu. Na tujihadhari: njia mbili zipitazo daraja moja ni njia moja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia sana. Waliokuwa na waya wa upande mwingine walipata pa kugeuzia. Waliotegemea hizo mbili waliona kwamba hesabu yao ya mbili ilikuwa moja.

Kwetu jambo hili si mchezo. Siku ya mafuriko, simu ndiyo imwitayo mganga, ndiyo imletee mjane fedha kutoka kwa mwanawe. Basi, wazee wa mji, nanyi wanafunzi mtakaokuwa mafundi kesho, mkiambiwa kwamba Uvira ina waya mbili, msishangilie bado. Ulizeni kwanza: zinavuka Mulongwe kwa daraja lipi?