Kupandishwa Daraja Angani

Stesheni ya Ngerengere, kwenye reli ya kisasa, ni mahali pazuri pa kutafakari habari za madaraja. Treni ya kawaida husimama hapo. Ya haraka hupita. Jirani upo uwanja wa ndege, lakini ni wa jeshi, kwa hiyo mtoto wa Ngerengere hukua akisikia mlio wa ndege ambazo hakuna anayemuuzia tiketi yake. Mwezi uliopita nilikuwa nikingoja treni hapo, baada ya kuwajulia hali wazee wangu, nikaketi na mwalimu wa shule ya msingi niliyesoma naye utotoni. Akaniuliza: “Daktari, nasikia nyinyi mnaopanda ndege mara kwa mara hupandishwa daraja bure. Ni kweli?”

Nikamjibu kuwa hutokea. Akacheka, kisha akasema: “Basi mna bahati. Mimi nangoja kupandishwa daraja mwaka wa sita huu, na wala silitaki la bure. Nimelifanyia kazi.”

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtumishi wa umma, huhitaji kuelezwa uchungu wa jibu hilo. Unaukumbuka mwaka 2016, Serikali iliposimamisha upandishaji wa madaraja kupisha uhakiki wa watumishi. Katika nchi yetu maneno “kupandishwa daraja” yana harufu ya barua, faili na subira. Angani yana harufu ya taulo la moto na glasi ya juisi kabla ndege haijaruka. Nilipanda treni nikiwa na swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwa uzito: hilo la angani hupatikanaje, na nani hulilipia?

Tuanze na hesabu. Ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 787-8 ina viti 262, na 22 tu kati ya hivyo ni vya daraja la biashara. Airbus A220-300 ina viti 132, na vya mbele ni 12. Q400, inayotuhudumia katika safari nyingi za ndani, ina viti 76, na vya mbele ni sita. Kwa wastani, katika kila viti kumi na viwili, kimoja tu ndicho cha mbele. Hata kama viti hivyo vyote vingegawiwa kwa kura, wengi wetu tungebaki nyuma. Navyo havigawiwi kwa kura.

Kiti cha mbele hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kuitwa cha bure. Kwanza huuzwa kwa bei yake kamili. Kikibaki, siku hizi shirika humwandikia abiria wa daraja la kawaida ujumbe wa kumshawishi aongeze fedha kidogo ahamie mbele, au humwalika ataje bei yake kama mnadani. Kikibaki tena, huwangoja wanaotaka kukilipia kwa pointi walizolimbikiza. Baada ya hao wote ndipo huja bahati yenyewe, na mara nyingi haitokani na ukarimu. Mashirika huuza tiketi nyingi kuliko viti, kwa kutarajia kwamba baadhi ya abiria hawatatokea. Wakitokea wote, daraja la kawaida hufurika, na njia rahisi ya kutowaacha watu uwanjani ni kuwasogeza wachache mbele.

Nani husogezwa? Kompyuta humtazama kwanza mwenye hadhi ya juu katika mpango wa wasafiri wa mara kwa mara, kisha aliyenunua tiketi ya gharama kubwa zaidi ndani ya daraja hilohilo. Mashirika makubwa ya Marekani yameugeuza utaratibu huu kuwa orodha rasmi kwa safari zao za ndani, na abiria hujiona yupo nafasi ya ngapi. Katika mashirika tunayoyapanda zaidi sisi, kama Ethiopian, Kenya Airways na Emirates, mwenye kadi hutumia pointi zake au hungoja ndege ijae. Ile imani kwamba ukivaa suti na kumsalimu mhudumu kwa adabu utasogezwa mbele ina ukweli mdogo sana. Adabu ni jambo jema, lakini kompyuta haioni tai.

Kwa hiyo jibu ninalomdai mwalimu wangu ni hili: si bahati. Ni foleni, na mahali pako katika foleni hupangwa na fedha iliyokwisha kulipwa kwa jina lako. Mtindo huu ulipata umaarufu American Airlines walipoanzisha mpango wao Mei 1981, kwa lengo la kumfanya mteja arudi kwao hata kama kwingine ni rahisi. Katika biashara ya watu binafsi sina ugomvi nao. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou kwa fedha yake, akisogezwa mbele, amerudishiwa sehemu ya jasho lake.

Ugomvi wangu unaanzia pale ambapo tiketi imelipiwa na mtu mwingine. Hapa kwetu, katika wasafiri wa mara kwa mara wamo viongozi, watumishi waandamizi, watu wa miradi, na sisi wahadhiri. Rais Magufuli alipolihutubia Bunge Novemba 2015, alieleza kwamba katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, safari za nje ziliigharimu Serikali na taasisi zake zaidi ya shilingi bilioni 356, na kwamba tiketi peke yake zilizidi bilioni 183. Tulijadili sana posho, na ilikuwa haki kuzijadili. Hatukujadili kwamba tiketi za bilioni 183 huzalisha pia pointi, na kwamba pointi huandikwa kwa jina la aliyeketi, si la aliyelipa. Aliyelipa ni pamoja na mkulima wa Ngerengere anayekatwa kodi kila anunuapo sabuni na vocha.

Wenzetu wamelijibu swali hili kwa njia mbili tofauti, na karibu kwa wakati mmoja. Marekani, kwa sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2001, iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na pointi za safari za kikazi. Ujerumani, katikati ya mwaka 2002, Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa jiji la Berlin, na Cem Özdemir akaachia wadhifa wake wa usemaji katika kundi la wabunge wa chama chake. Wote wawili walikuwa wametumia kwa mambo binafsi pointi zilizotokana na safari za kikazi.

Hoja ya Marekani si ya kupuuzwa. Mtumishi hulala viwanja vya ndege, huacha watoto, hurudi na uchovu usio na posho. Na kuzifuatilia pointi za kila mtu kunaweza kugharimu kuliko thamani yake. Hata hivyo, naona imeacha jambo moja. Pointi humshawishi msafiri. Humfanya aombe shirika lenye kadi yake hata kama lina bei ya juu, na humfanya auone ulazima wa mkutano ambao ungeweza kufanyika kwa njia ya mtandao. Sheria yetu ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inatambua kwamba zawadi huweza kupinda uamuzi. Mtumishi akiletewa mbuzi nyumbani na mzabuni, anajua ameletewa zawadi. Pointi haina kwato wala haipigi kelele uani, ndiyo maana hatuioni.

Nami sina haki ya kuyasema haya nikiwa nimejificha. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alikubaliwa kuwasilisha andiko lake katika kongamano jijini Nairobi. Idara haikuwa na fungu la tiketi. Nilimwandikia barua mbili za kuomba msaada, zote hazikuzaa matunda, nikampa pole, na hakwenda. Miezi miwili baadaye nilisafiri kwenda Ulaya kwa fedha za mradi wa utafiti. Nikiwa uwanjani niliona kwamba akaunti yangu ina pointi za kutosha kunihamishia mbele, nikazitumia. Nililala vizuri. Pointi hizo zote nilizipata kwa safari za kikazi, na zingetosha tiketi ya kwenda Nairobi na kurudi, kwa jina la mtu yeyote ambaye ningemtaja. Sikumnyima kwa ubaya. Wazo lenyewe halikunijia, kwa sababu nilikwisha kuamini kwamba ni zangu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, fomu ya kibali cha safari iwe na mstari mmoja unaomtaka msafiri ataje namba ya kadi yake ya pointi, na ripoti ya safari itaje pointi zilizopatikana. Pili, taasisi zinazonunua tiketi nyingi zijiunge na mipango ambayo mashirika huwawekea wateja wa kitaasisi, ili sehemu ya faida iingie kwenye akaunti ya taasisi. Tatu, kwa vyuo vikuu, pointi za safari za kikazi ziwe mfuko wa tiketi za wanafunzi na wahadhiri vijana. Mzee mwenye goti bovu akihitaji kiti cha mbele kwa safari ya saa tisa, apewe kwa sababu ya goti lake, na iandikwe hivyo.

Najua wapo wenzangu watakaosema kwamba nawatafutia wahadhiri umaskini, ilhali wakubwa wanapita mlango wa wageni maalumu. Huenda ni kweli kwamba pointi zetu ni punje tu. Lakini sisi ndio tunaowafundisha vijana maana ya mali ya umma, na punje hizi zimo mikononi mwetu, hazingoji Bunge.

Wiki iliyopita nilimwandikia mkuu wa idara yangu, nikaambatisha taarifa ya akaunti yangu ya pointi na kuomba zilizobaki zitumike kwa tiketi ya mwanafunzi yeyote atakayekubaliwa kwenye kongamano mwaka huu. Bado sijajibiwa. Jibu likija, lolote liwalo, nitalileta hapa hapa.