Visu Mezani, na Adui Asiyetajwa





Majuma mawili yaliyopita niliieleza Halmashauri ya Walei kwamba nakusudia kuwakusanya vijana na wazee, Jumamosi moja alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Kila mmoja aje na kisu chake: cha jikoni, cha kukunja, sime ya babu, mundu, panga la migombani. Tuvitazame, tuvinoe, wazee watusimulie vilikotoka, vijana wajifunze kuvishika. Hakuna ajenda nyingine isipokuwa ndizi za kuchoma na chai. Tangu siku hiyo nimepokea barua tatu, na simu ambazo sikuzihesabu. Hoja zilizomo ni tatu: kwamba Padre ameleta mambo ya Wazungu, kwamba Padre amesahau mwaka 1994, na kwamba kijana hapewi kisu, sembuse na Kanisa. Leo nazijibu zote, bila kupindapinda maneno.

Nianze na Wazungu, kwa kuwa ni kweli kwamba wazo hili lilinijia kwao. Mwezi Julai 2018 nilitumwa Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, kuhubiri katika parokia kadhaa na kuomba misaada kwa ajili ya kazi za kimisionari. Mwenyeji wangu, seremala mstaafu, aliniambia: "Padre, Jumamosi twende bustanini, kuna wenzangu wapenda visu." Nakiri kwamba nilishtuka. Mpenda visu ni mtu wa namna gani? Nilikwenda kwa ajili ya adabu tu, nikiwa nimejiandaa kuondoka mapema.

Nilikuta watu kama thelathini kwenye meza za mbao chini ya miti. Wengine walikuwa wakichoma nyama, na watoto walikuwa wakikimbizana. Juu ya meza vilitandikwa vitambaa, na juu ya vitambaa visu vilipangwa kama mama anavyopanga vyombo vya wageni. Palikuwa na visu vya kukunja vya mpini wa mfupa, vilivyotengenezwa Bradford, mji wa jimbo hilo hilo. Palikuwa na kile kisu chekundu cha Uswisi tunachokifahamu. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia visu jeshi la nchi yake. Mojawapo ya nia zake ilikuwa kuwapatia kazi watu wa kwao, waliokuwa wakihama kwa sababu ya umaskini. Palikuwa pia na Opinel, kisu cha wakulima wa Savoy nchini Ufaransa, kilichobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890. Mzee mmoja alinionyesha alama iliyopigwa kwenye bapa lake: mkono ulioinua vidole kubariki, na taji juu yake. Alama hiyo ilichukuliwa mwaka 1909 kutoka nembo ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, ambao kanisa lake kuu hutunza masalia yanayoheshimiwa kuwa vidole vya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Fikirini, ndugu zangu: mtu aliyekatwa kichwa, mkono wake unabariki kisu cha kukatia mkate!

Kilichonigusa zaidi kuliko visu vyenyewe ni kanuni zao. Hakuna aliyegusa kisu cha mwenzake bila kuomba. Anayetoa alitanguliza mpini. Anayepokea alisema "asante", na neno hilo halikuwa adabu peke yake. Lilikuwa ishara kwamba amekwisha kukishika barabara, nawe sasa waweza kuachia. Ndivyo wafundishwavyo maskauti wa nchi ile. Mtoto hapati ruhusa ya kubeba kisu mpaka amalize mafunzo na kupewa kadi. Katika vikosi vingi ni desturi kwamba kila anapovunja kanuni pembe moja ya kadi hukatwa. Zikiisha pembe nne, ruhusa nayo imekwisha.

Baadaye akaja kijana mmoja na kisu kikubwa cheusi chenye meno mgongoni. Akaanza kueleza kwa majivuno jinsi kisu kile kinavyoweza kumtenda mtu. Hakumaliza sentensi yake. Mwenyeji wangu, bila kupandisha sauti, alimwambia: "Hapa hatuzungumzi hivyo. Tuambie kinakata nini." Kijana akanyamaza. Hakuwa na jibu, maana kisu kile hakikuwahi kukata hata kamba. Wakamsogezea kiti, wakampa jiwe la kunolea, kisu kidogo na kipande cha mti. Jioni alikuwa amechonga kijiko kilichopinda, akizunguka nacho kukionyesha kwa kila mtu.

Sikuondoka mapema. Njiani kurudi nilijiuliza kwa nini sikuogopa, mimi niliyekuwa na kila sababu ya kuogopa. Jibu nililipata, nalo ndilo ninaloliandikia leo: mchana kutwa, kati ya visu visivyohesabika, sikusikia jina la adui hata mmoja. Pale palipokaribia kuzaliwa adui, mzee alimkatiza.

Wala haya si ya Wazungu pekee. Huko Oman mwanamume huvaa jambia, wanaloliita khanjar, kiunoni mbele ya watu siku za harusi na sikukuu; limo hata kwenye bendera ya nchi yao, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi na desturi zake katika orodha ya urithi wa wanadamu. Hapa kwetu, wahunzi wa Mamba huko Kilimanjaro waliwafulia Wamaasai mikuki. Lakini Wamaasai wenyewe kwa vizazi vingi waliwadharau wahunzi waliokuwa kati yao na hawakutaka kuoana nao, kwa kuwa ndio waliofua kinachomwaga damu. Mkuki waliupenda, aliyeufua wakamwona najisi. Nasi tunafanya vivyo hivyo: twala nyama kila Dominika, kisha twamtazama kwa jicho la pembeni kijana anayefanya kazi buchani.

Sasa hoja ya pili, kwamba nimesahau 1994. Hii imeniumiza, nami nitaijibu kwa sauti ya chini. Nilizaliwa Ngara. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka 11. Mto Kagera ulikuwa umekwisha kuleta maiti. Kisha, katika muda wa siku moja hivi, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wauaji na wasio na hatia wakiwa wamechanganyika. Mapanga yaliachwa mpakani, yakawa rundo. Marehemu baba yangu aliliona rundo lile. Alirudi nyumbani bila kusema neno, akachukua panga letu la migombani, akalificha darini. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyekata mgomba nyumbani kwetu. Siku moja akalishusha mwenyewe, akaniita nimshikie jiwe, akalinoa polepole. Akasema: "Hili halijamjua mtu. Nawe usije ukalijulisha." Hilo ndilo somo langu la kwanza la kisu. Basi msiniambie nimesahau.

Lakini tuulizane: mapanga yale yalinolewa na nini? Yalikuwa ni yale yale ya kupalilia na kukatia ndizi. Redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwaita jirani zao "mende" mpaka masikio yakazoea. Adui alipewa jina, kisha anwani, ndipo panga likanyanyuliwa. Hata waliokimbilia kanisani huko Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu, hawakusalimika. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani, Desemba 2003, watu watatu wa redio hiyo na wa gazeti la uchochezi. Rufaa ya 2007 iliwapunguzia adhabu, haikuwafutia hatia. Kilichowapeleka kizimbani ni maneno.

Mtaniambia: wauaji wale nao walikusanyika hadharani, tena wakiimba. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kwamba mkusanyiko ni salama kwa kuwa uko mchana. Nadai kwamba upimwe kwa swali moja: je, hapa kuna adui anayetajwa? Kama yupo, kimbieni, hata kama mikononi mna rozari tupu. Kama hayupo, ketini, hata kama meza imejaa makali.

Injili nayo inatusaidia hapa. Mwinjili Luka anatuambia kwamba usiku wa Karamu ya Mwisho mitume walikuwa na panga mbili, wakamwonyesha Bwana. Jibu lake lilikuwa fupi, na wafafanuzi wengi husikia humo huzuni na uchovu kuliko ruhusa. Sitaligeuza kuwa baraka. Hata hivyo hakuwafukuza mezani. Karipio lilitoka bustanini, pale Petro alipokwisha kumchagua adui na kumkata sikio. Na Bwana hakuishia kwenye karipio. Luka anasema aliliponya sikio lile.

Hoja ya tatu ni ya wazazi, nami naiheshimu. Mama mmoja ameniandikia kwa kejeli: "Padre, mtoto akililia wembe, mpe?" La, mama. Methali hiyo yamtaka mkaidi afundishwe na jeraha lake. Kwa wembe wa kweli, hilo ni fundisho la mzazi aliyechoka. Lakini kumnyima na kugeuza uso ni uchovu ule ule. Kijana ataupata wembe, tumpe tusimpe, dukani vimejaa. Swali ni nani atakayekuwa ameketi karibu naye siku ya kwanza.

Mwaka juzi nilimzika kijana wa miaka 19 aliyechomwa kisu cha jikoni katika ugomvi wa simu ya mkononi. Aliyemchoma naye ni mtoto wa parokia hii. Nilimpa Komunyo ya kwanza mimi mwenyewe. Nilipomtembelea gerezani nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kushika kisu. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema: "Filamu, Padre." Nyumbani kwao kuna baba, wajomba wawili, na mbuzi huchinjwa kila Krismasi. Hakuna aliyewahi kumwita amshikie jiwe.

Sipingi sheria, wala sisemi kila chenye makali kina heshima. Vipo visu vilivyoundwa ili kutisha tu. Uingereza na Wales zilipiga marufuku visu na mapanga ya namna hiyo kuanzia tarehe 24 Septemba 2024, nami naona walifanya vyema. Kisu kisichokuwa na kazi hutafuta kazi. Lakini marufuku huondoa chuma, hayamfundishi mtu. Mtu hufundishwa na mtu.

Nimalizie na barua ya tatu, iliyo ndefu kuliko zote. Ukurasa wa kwanza wasema kwamba visu ni hatari, na hapo tunakubaliana. Ukurasa wa pili wataja, kwa majina, familia mbili za kigango chetu ambazo watoto wao "ndio hasa wasiostahili kusogezwa karibu na kisu". Ndugu mwandishi, nimeisoma mara tatu. Wewe hukushika kisu. Ulishika kalamu, na kwa kalamu hiyo umetaja adui. Kati ya barua yako na meza ile ya Pennsylvania, kilichonitia hofu ni barua yako. Na hauko peke yako. Ni mara ngapi tumekutana katika jumuiya zetu, au katika makundi yetu ya simu, hakuna hata sindano mkononi, tukaondoka tumekwisha kumgawana jirani vipande? Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi twakagua vidole tu.

Kwa hiyo mkutano wa chini ya mwembe utakuwapo, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa tisa alasiri. Kila kisu kije ndani ya ala au kimefungwa kwa kitambaa, na kirudi hivyo hivyo. Mpini utatangulia, na "asante" itafuata. Aliyekunywa pombe asije. Mzee wetu mhunzi ataleta tupa na mawe ya kunolea, na atakaa kiti cha mbele, si pembeni. Na mtu yeyote atakayemsema mtu asiyekuwapo, kwa jina au kwa fumbo, atafunga kisu chake na kwenda kumenya ndizi na akina mama mpaka jioni.

Zile familia mbili nimekwenda kuzialika mwenyewe jana, kwa mguu. Watakuja. Wewe uliyeniandikia, njoo pia. Nitakuwa na panga la marehemu baba yangu, na nitahitaji mtu wa kunishikia jiwe.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.