Muuguzi Aliyepangiwa Mbali Anatudai Nini?



Katika mikutano ya vijiji, na hata katika vikao vyetu vya parokia, limezoeleka neno moja: kwamba watumishi wa afya wa siku hizi hawana wito. Hupangiwa kazi huku kwetu, huripoti, hupokea mshahara wa kwanza, kisha huanza kutafuta uhamisho. Zahanati iliyojengwa kwa nguvu za wananchi waliosomba mawe na mchanga kwa vichwa vyao hubaki na kufuli mlangoni. Uchungu wa wananchi hao tunauelewa. Hukumu yao hatukubaliani nayo, na yatupasa kueleza sababu.

Tumchukulie binti aliyezaliwa Rombo, mkoani Kilimanjaro, akasomea uuguzi na ukunga, kisha akakaa miaka miwili au mitatu akisubiri ajira huku akijitolea hospitalini bila malipo ya maana. Siku moja jina lake linatokea katika orodha ya ajira: amepangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nyumbani wanamshukuru Mungu. Lakini muda wa kuripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ni mfupi, na nauli ya kuvuka nchi kutoka kaskazini hadi magharibi, pamoja na godoro, ndoo na sufuria, hana budi kuikopa kwa mjomba. Anapofika makao makuu ya wilaya anaambiwa kwamba posho yake ya kujikimu, ambayo ni haki yake kwa taratibu za utumishi wa umma, italipwa pindi fungu la matumizi mengineyo litakapopokelewa. Litapokelewa lini? Hakuna ajuaye. Mwezi unaisha, na jina lake halijaingia katika orodha ya mishahara. Wa pili nao unaisha. Kwenye karatasi fedha hizo hazijapotea, zinaitwa malimbikizo. Lakini malimbikizo hayapikwi.

Sasa binti huyu anakula nini? Anakula kwa daftari la mwenye duka. Hapo ndipo tunapowaomba wasomaji wetu watulie kidogo, maana jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mtumishi wa umma ameanza kazi akiwa na deni kwa wale wale atakaowahudumia. Mwenye duka ndiye anayempa unga, na mwenye duka ndiye baba wa mgonjwa. Akija usiku kuomba dawa ambayo haikuandikwa, au akitaka mkewe apitishwe mbele ya akina mama waliofika alfajiri, muuguzi atamkataliaje? Wengi wetu tunadhani rushwa katika zahanati huanza na tamaa. Mara nyingi huanza na njaa ya miezi mitatu ya kwanza, kisha ikawa desturi, na desturi haiondoki mshahara unapofika. Hatusemi haya ili kumtetea anayeuza dawa za wananchi; huyo anastahili kushtakiwa. Tunasema kwamba halmashauri inayomweka mtu katika mtego huo nayo ina sehemu yake katika kosa.

Wazee wetu watakumbuka kwamba mambo hayakuwa hivi daima. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa katika miaka ya 1970, Serikali ilielekeza nguvu za tiba vijijini. Waganga Wasaidizi Vijijini walifundishwa kwa wingi, na aliyehitimu chuo alijua kwamba Serikali itampa kazi na mahali pa kuifanyia. Katika miaka ya 1990 mlango huo ukafungwa: ajira serikalini zikasitishwa na watumishi wakapunguzwa, na tangu mwaka 1991 sheria iliruhusu tena tiba binafsi za kibiashara zilizokuwa zimepigwa marufuku mwaka 1977. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Ahadi ilikuwa njema, na kuta zikainuka. Ila ukuta hujengwa kwa msimu mmoja wa kiangazi, na mkunga hafundwi kwa msimu mmoja. Ulipofika mwaka 2017, uhakiki wa vyeti uliwaondoa katika utumishi wa umma watu 9,932, na baadhi ya zahanati zilizokuwa na mtumishi mmoja au wawili zikajikuta hazina mtu.

Mtumishi mmoja! Wanaokaa mijini hawajui maana yake. Akienda wilayani kuchukua chanjo au kupeleka taarifa za mwezi, zahanati imefungwa. Akiugua yeye mwenyewe, imefungwa. Akizalisha mama hadi saa kumi za usiku, saa mbili asubuhi anangojewa na foleni ya watoto wenye homa, na akisinzia huitwa mvivu.

Katika mazungumzo ya namna hii hutajwa mara nyingi jina la Adrian Atiman, na ni haki litajwe. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akasomea utabibu Malta, kisha akafika Karema, kwenye mwambao huo huo wa Ziwa Tanganyika, katika miaka ya mwisho ya 1880. Hakurudi alikotoka. Alioa hapo, akatibu hapo, akafundisha dini hapo, hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Sumbawanga yenye jina lake yamkumbusha kila apitaye. Basi watu husema: mbona Atiman alikaa?

Tunajibu hivi. Atiman alifika Karema akiwa na jumuiya iliyomngoja. Misheni ilikuwa imeanza pale mwaka 1885. Alipata mahali pa kulala, chakula, dawa kadiri zilivyokuwapo, na watu wa kusali na kuzungumza nao jioni. Moyo wake ulikuwa mkubwa, lakini haukuachwa peke yake. Zaidi ya hayo, utakatifu wa mtu mmoja hauwezi kuwa mpango wa ajira wa nchi nzima. Yule anayemtaka kila muuguzi awe Atiman, huku yeye mwenyewe hataki hata kumkodisha chumba kwa bei ya haki, anatumia jina la marehemu kujificha.

Maana hili la chumba linatuhusu sisi, wala si Serikali. Mara inapojulikana kwamba mgeni ni mtumishi wa Serikali, kodi hupanda. Hutakiwa alipe miezi sita mbele, naye hajapokea hata senti. Huitwa "mtu wa kuja" kwa miaka yote atakayokaa. Na kuna jambo baya zaidi, ambalo husemwa kwa kunong'ona, nasi hatuoni sababu ya kunong'ona. Msichana anapofika kijijini peke yake, wapo viongozi, wenye familia zao, wanaodhani ameletewa wao. Akiwakataa, malalamiko dhidi yake huanza: ana kiburi, ana lugha chafu kwa wagonjwa, haonekani kazini. Barua humfikia Mkurugenzi, naye huhamishwa au huacha kazi, na kijiji husema kimekimbiwa. Halmashauri za walei zikisikia muuguzi amelalamikiwa, ziulize kwanza ni nani aliyelalamika.

Lipo pia suala la ndoa. Mume ni mwalimu Mbinga, mke ni muuguzi Kakonko. Ombi la uhamisho wa kufuata mwenza hupokelewa, hupigwa mhuri, kisha hulala. Wapo wanaosubiri miaka, na wapo wanaodokezwa kwamba ombi likiwa na "chochote" hutembea haraka. Watoto hulelewa na bibi. Tunawafundisha wachumba wetu kwamba wanandoa wakae pamoja, kisha tunamshangaa muuguzi anayeomba kuhama ili akae na mumewe, tukisema hana wito. Kwa kweli hapo hatueleweki. Hali kadhalika hospitali za mashirika ya dini hulalamika kila ajira za Serikali zinapotangazwa, kwa kuwa wauguzi wao huondoka. Anayeondoka kutafuta mshahara ulio bora na pensheni ya uhakika ili awasomeshe watoto wake hajamsaliti mtu.

Je, mtumishi hana wajibu? Anao, na si mdogo. Ameajiriwa kwa fedha za wananchi, na mama aliyembeba mtoto kilometa kumi hapaswi kupokelewa kwa matusi. Asiyejua Kiha au Kifipa anacho Kiswahili, lugha inayomwezesha Mtanzania kuhamia pembe yoyote ya nchi na kueleweka. Aitumie kwa upole, na ajifunze walau salamu za wenyeji. Anayekubali kituo kwa nia ya kupata namba ya mshahara tu, huku barua ya uhamisho imo mfukoni tangu siku ya kuripoti, amechukua nafasi ya mwenzake ambaye angekaa. Tumeyasema haya kwa ufupi kwa sababu husemwa kila siku, na upande wa pili hausemwi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo juu ya jambo hili mwaka 2010, likayapitia upya mwaka 2021. Mojawapo ni lile ambalo wazee wa vijiji wangeweza kulitoa bila mkutano wa kimataifa: kijana aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukubali kufanya kazi kijijini na kudumu huko. Basi parokia zinazochangia harusi kwa mamilioni zifikirie kumchangia ada binti mmoja wa kigango cha mbali aende chuo cha uuguzi, iwe Ndanda, Peramiho au kilicho jirani zaidi. Hatakuwa "mtu wa kuja" akirudi.

Lakini hilo ni la miaka mitano ijayo, na mgonjwa ni wa leo. Kila zahanati inayo kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za kituo huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo chenyewe. Wengi wa wajumbe hao ni waamini wenzetu, na baadhi yao hutia sahihi mihtasari ambayo hawakuisoma. Waulize: nyumba ya mtumishi ina mlango unaofungika? Ina choo? Maji yako umbali gani, na nani humsindikiza muuguzi anapoitwa usiku? Je, mtumishi aliyeripoti mwaka huu amelipwa posho yake, na kama hajalipwa, kamati imemwandikia Mkurugenzi barua lini? Diwani naye aulizwe swali hilo hilo katika mkutano wa hadhara, si pembeni.

Na orodha nyingine ya ajira itatoka. Jumuiya Ndogo Ndogo zilizo karibu na zahanati zinaweza kukubaliana tangu sasa nani atampokea mgeni kituo cha basi au bandarini, atalala wapi juma la kwanza, na nani atampa unga na maharage ya mwezi mmoja, visivyoandikwa katika daftari la mtu.